Dereva Wetu na Vyumba vya Picha

Wakati wa semina, madereva wa serikali huwa na mahali pao. Ukitoka nje kwa chai ya saa nne utawakuta pembeni mwa maegesho, mmoja anaosha gari ambalo jana lilioshwa, wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, mwingine amelala kiti cha mbele, miguu imetoka dirishani. Wa kwetu hakuwa hapo. Gari lake lilikuwepo, limefungwa, limeegeshwa kivulini, na wenzake ukiwauliza walijibu bila kuinua macho kwenye drafti: "Yule ameenda kuangalia."

Hawakusema kuangalia nini, na mwanzoni nilidhani ni mwanamke.

Nilifanya naye kazi miaka tisa. Mimi nilikuwa mratibu wa chanjo wa wilaya, pale Mbulu, na yeye alikuwa dereva wa Landkruza ya idara ya afya. Nilifika kutoka Morogoro nikiwa muuguzi kijana mwenye koti jembamba, na mtu wa kwanza kuniambia ukweli kuhusu koti hilo alikuwa yeye. "Daktari," alisema, "hilo ni la picha. La kuvaa utanunua mnadani." Nilimwambia mimi si daktari. Akasema sawa, Daktari. Akaniita hivyo miaka yote, nami nikamwita Dereva kama walivyomwita watu wote, baada ya shikamoo ya asubuhi. Hiyo hakuiachia mtu. Ukiisahau, alikaa tu mikono ikiwa kwenye usukani, ufunguo hajaugeuza, mpaka ukumbuke mwenyewe.

Alianza kwenda makumbusho kwa sababu ya choo. Hilo alinieleza bila haya yoyote. Alikuwa Arusha, bosi wake wa zamani yuko mkutanoni, mvua inanyesha, na choo cha stendi alikuwa hakitaki. Akaona jengo la zamani lenye kuta nene, akaingia, akaonyeshwa choo, na wakati wa kutoka akapita chumba kimoja chenye mafuvu ya wanyama na benchi. Akakaa kwenye benchi akisubiri mvua ikatike. Mvua ilikatika, yeye hakuondoka. "Nilikuwa sijawahi kukaa chumba ambacho hakuna mtu anayeniambia nifanye kitu," alisema. "Hata kanisani unaambiwa simama, kaa."

Tangu hapo, kila safari ya mjini aliitafutia chumba. Arusha, Dodoma, Dar es Salaam, kote alijua mahali pa kwenda kukaa. Alijua makumbusho yote, nyumba za wachoraji zinazofunguliwa mchana, ukumbi wa hoteli fulani wenye michoro ukutani, hata korido ya ofisi moja iliyotundikwa picha za zamani za reli. Orodha yake ilikuwa kichwani tu, na hakukumbuka sehemu hizo zilikuwa na nini ndani. Alikumbuka zilikuwaje. Hiki kina ubaridi mzuri. Kile kina mwangwi, ukikohoa unajiona mjinga. Pale pananuka nta ya sakafu na vitabu. Walinzi nao aliwapanga madaraja. Mlinzi wa daraja la kwanza ni yule anayekuona umeingia halafu anakusahau. Wa mwisho ni yule anayekufuata nyuma akipumua.

Alikuwa na taratibu zake. Alivua kofia mlangoni, akafunga kifungo cha juu cha shati, na sweta lake la kijivu halikutoka mwilini hata Dar es Salaam mwezi wa pili. Maelezo yaliyobandikwa pembeni ya vitu hakuyasoma. Alizunguka mara moja haraka, kama mtu anayetafuta duka, kisha akachagua kitu kimoja, akakaa mbele yake mpaka muda ulipokwisha.

"Na vingine?" nilimuuliza siku moja.

"Vingine vitanisamehe."

Simu yake ilikuwa kiswaswadu cha batani, na hakuwahi kuomba mtu ampigie picha. Wanyama waliokaushwa aliwakataa kabisa. Kuna simba mmoja aliyesimama ndani ya kioo, mdomo wazi, ambaye Dereva alimpita daima akiangalia upande mwingine. Alisema yule amekufa mara mbili na bado wanamlazimisha kunguruma.

Usije ukafikiri alikuwa mtu mpole wa kutembea taratibu duniani. Barabarani alikuwa na haraka ambayo hakuna aliyeielewa. Aliwapigia honi ng'ombe, aliwapigia honi bodaboda, na mara moja, kwenye kona za kushuka kuelekea Babati, alilipigia honi lori lililokuwa limeegeshwa halina mtu. Ndani ya gari aliweka kwaya kwa sauti ya juu, flashi ileile moja, nyimbo kumi na mbili, miaka yote, hadi mimi Mwislamu nikawa naimba sauti ya pili. Na chumba alichopanga pale Mbulu mjini hakikuwa na picha hata moja. Niliingia siku niliyompelekea dawa ya malaria. Ukutani palikuwa na kalenda ya miaka miwili nyuma. Nilimuuliza mbona haibadilishi, akasema hiyo si kalenda, hiyo inaziba ufa.

Ramadhani yangu ya kwanza kule tulikuwa tunatoka Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, tulikokwenda kujifunza kwa wenzetu wanavyopanga kliniki zao. Jua linazama, mimi nimefunga, barabara yote mashimo, na nilijua tutafika nyumbani muda umepita. Dereva akaegesha pembeni ya shamba la mahindi, akatoa chini ya kiti chake chupa ya uji, akaiweka kwenye boneti na kikombe juu yake. Akaenda hatua kama ishirini, akanipa mgongo, akautazama mlima. Wingu lilikuwa limekaa juu kama kawaida, na wakati nakunywa uji likaondoka lote, mlima ukabaki wazi mpaka kileleni.

Aliporudi nilimshukuru kwa uji. Akajibu kitu kingine. "Huu hauna mlinzi," alisema. "Wala hawafungi saa kumi."

Ndipo nikajua kwamba kwa hesabu yake, haikuwa lazima makumbusho yawe na mlango. Alikuwa na sehemu zake pia huku kwetu, na kidogo kidogo akaanza kunionyesha. Kulikuwa na kanisa moja la misheni juu mlimani ambalo alipenda kuliingia siku za kazi, halina mtu, madirisha ya rangi yakimwaga wekundu sakafuni. Kulikuwa na Ziwa Basotu, alipoegesha upande ambao viboko hawapo. Kulikuwa na uwanja wa mnada siku moja baada ya mnada, vumbi limetulia, kamba zimeachwa, alama za kwato za ng'ombe waliouzwa bado ziko ardhini. Huo ndio uliokuwa bora kwake. Alisema unasikia kelele za jana.

Na kulikuwa na ile sehemu ya kuteremkia Yaeda Chini. Unatoka kwenye baridi na mashamba ya maharage, na ghafla bonde linafunguka chini yako, kubwa, la rangi ya mkate ulioungua kidogo, na joto linapanda kukupokea usoni. Mara ya kwanza alipofika hapo na mimi alizima injini, akazima na kwaya.

"Gari imeharibika?" nikauliza.

"Hapana. Imenyamaza."

Tukakaa. Nilitazama saa mara tatu. Mara ya nne nikasahau.

Kitu kimoja hakukipenda, nacho ni watalii waliokuja bondeni kuwaangalia watu. Wawindaji wa kule wanaishi kwa upinde, asali na mizizi, na wengi huja kuwatazama. Siku moja gari la wageni lilisimama sambamba na letu, na kiongozi wao akauliza njia ya kambi ya wawindaji. Dereva alimwelekeza kwa heshima zote, kulia, kushoto, kisha moja kwa moja. Walipoondoka nikamwambia, "Dereva, huko si kambini, huko wanarudi barabara kuu." Akasema anajua. Nikamwambia mbona yeye mwenyewe ni mtu wa kwenda kuangalia. Alivuka kwanza kijito na mawe yake yote. "Picha ukiiangalia haijali," alisema mwishoni. "Mtu anajali."

Hakuna aliyemzuia kwenda kuangalia, kwa sababu gari lake halikuwahi kulala njiani kwa ubovu. Hata Mganga Mkuu wa Wilaya, bosi wetu sote, alimvumilia. Mwaka fulani tulikuwa tunatoka Dodoma naye, amevaa viatu vyake vya ngozi vya mkutanoni, na Dereva akakata kona pale Kolo bila kuomba ruhusa, akasema gari linahitaji kupoa. Gari lilikuwa halijapata hata joto. Tukajikuta tunapanda kilima kwenda kuona michoro ya kale ya miambani, Mganga Mkuu akilalamika kila hatua, mara jiwe, mara miiba, mara ana taarifa ya kuandika. Tulipofika juu, chini ya mwamba ulioinama, kulikuwa na watu wembamba wekundu waliochorwa na mtu ambaye hakuna anayemjua. Mganga Mkuu alisogea karibu nao. Akachuchumaa na viatu vyake. Wakati wa kushuka aliuliza tu, "Hawa vichwa vyao mbona vikubwa?" na Dereva akamjibu, "Labda ni nywele, Mheshimiwa," nao wakabishana kuhusu nywele hadi Babati.

Kwa hiyo alivumiliwa. Aliyekuja kushindwa kumvumilia ni mimi.

Tulikwenda Arusha kuchukua kifaa cha jokofu la chanjo. Mpango ulikuwa mwepesi: tuchukue kifaa asubuhi, turudi, tupite bohari ya mkoa Babati kabla haijafungwa, tupakie chanjo kwenye madeli ya barafu, na kesho yake asubuhi tuwe kliniki Yaeda Chini. Akina mama wa bonde walikuwa wameshatangaziwa siku. Kifaa kilichelewa kidogo, fundi akaomba saa moja. Dereva akaniomba hiyo saa moja. Alikuwa amesikia kuna maonyesho ya picha za kuchora kwenye nyumba fulani karibu na hapo. Nikamwambia nenda, lakini saa moja ni saa moja.

Fundi alimaliza. Nilikaa kwenye ngazi za karakana na kifaa mapajani. Saa moja ikapita, ikapita ya pili. Simu yake iliita bila kupokewa. Alikuja saa ya tatu inaisha, anatembea haraka, kofia mkononi, uso umevimba kidogo kama wa mtu aliyekuwa akilia au aliyekuwa na jua machoni.

"Ulikuwa unaangalia nini saa tatu nzima?" nilimuuliza.

"Ng'ombe," alisema.

Tulifika Babati jioni. Bohari ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani Magugu.

Kesho yake ilibidi twende Yaeda Chini hivyohivyo, madeli matupu, kwa sababu simu nyingi kule hazipatikani na watu wasingejua. Walikuwa wameshafika. Wengine wametembea tangu alfajiri, watoto migongoni, wamekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa zahanati. Nilikuwa natafuta maneno ya kuwaambia, maneno ya ofisini, changamoto za usafiri na kadhalika. Dereva alishuka kabla yangu. Akavua kofia.

"Chanjo haijaja," alisema. "Ni mimi niliyechelewa. Daktari hana kosa."

Walimtazama. Mama mmoja, kijana, mwenye shanga za bluu shingoni, akamuuliza, "Ulichelewa wapi?"

"Mjini."

"Haya," alisema yule mama. Hakukasirika. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akachukua kibuyu chake cha maji, akaanza kurudi alikotoka. Tuliweza kumwona muda mrefu kwa sababu kule hakuna cha kumficha mtu.

Nilirudi Mbulu nikaandika taarifa. Niliandika yote: saa, maonyesho, picha ya ng'ombe. Mganga Mkuu alipofika kwenye ng'ombe alicheka, kisha akaacha kucheka, akasaini. Dereva akapewa barua ya onyo na akaondolewa safari zote za nje ya wilaya. Arusha, Dodoma, Dar es Salaam, basi. Alibakiziwa mabonde na milima yetu, Jumatatu hadi Ijumaa. Gari la mjini akapewa mwenzake, mmoja wa wale wa drafti.

Nilingoja aninunie. Hakufanya hivyo. Alinifungia godoro langu juu ya gari kwa kamba zilezile, akaniita Daktari, akadai shikamoo yake. Chanjo ilifika bondeni wiki iliyofuata na akina mama wengi walirudi. Yule wa shanga za bluu hakurudi. Kila kliniki Dereva alisimama mlangoni mwa zahanati, jambo ambalo zamani hakulifanya, akitazama wanaokuja. "Yule wa shanga hajaja," aliniambia wakati wa kufunga madeli, kila mara, kama anayesoma kipimo. Miezi miwili ilipita. Siku alipokuja, mtoto amenenepa na anacheka, Dereva aliondoka mlangoni. Alikwenda kufuta kioo cha mbele cha gari, ambacho hakikuwa na vumbi, akakifuta mpaka mtoto alipomaliza kulia sindano.

Siku hiyohiyo, njiani tukirudi, alizima kwaya.

"Daktari, ile taarifa yako ina kosa."

Nikakaza mkono kwenye mkanda. "Kosa gani, mzee?"

"Umeandika nilikuwa naangalia picha ya ng'ombe."

"Si ulisema mwenyewe?"

"Niliangalia kama dakika kumi. Ng'ombe mweupe, amelala, tumbo lake limechorwa vizuri sana, unaona kabisa anapumua. Nami nilikuwa nimeendesha siku nne. Nikalala. Mlinzi alikuwa wa daraja la kwanza, hakuniamsha."

"Sasa kwa nini hukusema umelala? Kulala ni uchovu. Usingepewa hata onyo."

"Kulala ningeona aibu," alisema, akawasha kwaya.

Nilikuwa nimeshaiweka moyoni picha nyingine kabisa, ya mtu aliyesahau watoto wa watu kwa ajili ya urembo, na juu ya picha hiyo nilikuwa nimejenga hasira ya miezi miwili. Nilikwenda kwa Mganga Mkuu, nikamweleza. Akasema barua imeshaingia kwenye faili, na Yaeda sasa inahitaji dereva anayeijua, na ukweli ni kwamba kliniki za bonde hazijawahi kwenda vizuri kama sasa. Yote matatu yalikuwa kweli.

Basi nikaanza kwenda kuangalia kwa niaba yake. Hatukupanga hivyo; semina iliyofuata ilikuwa Dodoma, nilikuwa na mchana mmoja huru, nikaona nikirudi ataniuliza. Niliingia chumba cha kwanza maishani mwangu kwa hiari, nikiwa na mkoba na viatu vinavyolia. Sikujua mikono iwekwe wapi. Mlinzi alinifuata akipumua. Nilisoma kila maandishi, nikaangalia kila kitu sekunde tano, nikatoka kichwa kinaniuma, na niliporudi nikamwambia Dereva palikuwa pazuri.

"Usiniambie pazuri. Mwanga ulitoka upande gani?"

Sikujua.

"Kulikuwa na benchi?"

Nikasema nadhani.

Akatikisa kichwa. "Hujaenda," alisema.

Safari iliyofuata nilikwenda. Nilitafuta benchi kwanza. Nilichagua kitu kimoja, kigoda cha mtu fulani, kimechakaa upande mmoja kuliko mwingine, nikakaa mbele yake dakika arobaini. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Nikafikiria mahindi ya kusaga, nikafikiria mama yangu. Kisha nikaona kwamba mwenye kigoda kile alikuwa akiegemea kushoto, kwamba labda mguu wake wa kulia ulimuuma, na kwamba alikikalia kila siku, miaka mingi, mpaka mti ukakubali. Nilitamani kumpa dawa. Sijui namna nyingine ya kueleza. Nilitoka nje mjini, magari yanapiga honi, nikamwona kila mtu anavyotembea.

Nilipompa ripoti hiyo, Dereva aliuliza kigoda kilikuwa cha mti gani, na kwa sababu niliujua, akapunguza mwendo, jambo la nadra.

Tukaendelea hivyo miaka minne. Mara moja tu nilimdanganya. Nilikuwa Dar es Salaam, joto, nikaacha makumbusho nikaenda Kariakoo kununua vitenge, na njiani nikatunga picha: wanawake wawili mlangoni, mmoja anachambua mchele, kivuli kimelala kushoto, mwingine anasuka ukili, kivuli chake kulia. Dereva alisikiliza hadi mwisho.

"Vitenge vilikuwa vya rangi gani?" aliniuliza, jicho likiwa kwenye mfuko wangu.

"Wamevaa kaniki," nikajibu, nikiendelea na uongo.

"Si hao. Ulivyonunua. Mchoraji gani ana majua mawili?"

Alistaafu bila sherehe kubwa. Tulimpa soda, keki na blanketi zito, Mganga Mkuu mpya akasoma hotuba ambayo jina lilikuwa limebadilishwa tu. Dereva alishukuru kwa sentensi moja, akamkabidhi mwenzake ufunguo, akapanda nyuma ya pikipiki na blanketi lake mapajani kwenda kwao Maretadu, kwenye mahindi na maharage. Baadaye mimi nami nikahamishwa. Tulipigiana simu sikukuu, kisha kiswaswadu kile kikaacha kupatikana.

Niliendelea kuingia vyumbani. Sasa nafanya kazi Arusha, na nikiwa na mchana huru naenda kwenye lile jengo la kuta nene alikofuata choo. Lakini kila nilipokaa kwenye benchi, sikukaa kwa raha kamili. Kulikuwa na kitu kama kokoto ndani ya kiatu. Mtu aliyenifundisha kukaa pale, mimi ndiye niliyemfungia mlango wake, kwa karatasi yenye kosa.

Mwaka huu, Jumamosi moja mchana, nilikuwa nimekaa pale nikasikia viatu vingi. Wakaingia wanawake kama ishirini wa sare moja ya kitenge cha njano, wanakwaya waliokuja mjini kwenye tamasha la makanisa, na mbele yao mzee mmoja mwenye sweta la kijivu, kofia mkononi. Aliwaambia kwa sauti ya chini, "Hapa hakuna kusukumana. Kila mtu achague chake." Wakatawanyika. Akaniona.

Nilisimama haraka. "Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, Daktari. Umenenepa. Vizuri." Akageuka, akamwita mwanamke mmoja mfupi, mnyoofu, aliyekuwa akisoma maandishi ya kabati kwa kufuata na kidole. "Mama, njoo. Huyu ndiye aliyenifukuza Arusha."

Nilihisi uso unawaka. Miaka tisa ya kazi pamoja, nami sikuwahi kukutana na mke wake. Mama huyo alikaa Maretadu, na safari za mjini zilikuwa na tabia ya kumeza wikiendi za Dereva. Nilimwamkia. Akaitikia, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanitazama kwa makini, kama akina mama wa bondeni walivyomtazama Dereva siku ile.

"Ndiye wewe mwenye barua," alisema.

"Ni mimi, mama. Nilikosea. Nimekuwa nataka kumwomba radhi..."

"Usiombe. Nimekuwa nikikutafuta nikushukuru." Aliuachia mkono, akaushika tena. "Huyu mwenzio alikuwa anakuja nyumbani kama mgeni. Analala, anakula, anaondoka, na akiwepo anatazama mlima. Baada ya ile barua akaanza kuja kila Ijumaa. Jumamosi ya kwanza niliamka nikamkuta jikoni anapika ugali. Akaniuliza chumvi inakaa wapi. Tulikuwa na miaka thelathini kwenye ndoa, mwanangu, na mtu ananiuliza chumvi inakaa wapi."

Dereva alikuwa ameshakaa kwenye benchi, macho mbele, kama hasikii.

"Ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai," alisema bila kugeuka.